Beberu Aitwaye Meja

Siku ambayo Zuhura alimtaja mumewe mbele ya lipiko naikumbuka kama vile vumbi lake bado liko kwenye kanga yangu. Tulikuwa Makote. Vijana walikuwa wametoka jandoni, na uwanja ulijaa mpaka watoto wakapanda juu ya mapaa ya vibanda. Mimi na Zuhura tulikuwa wake wapya, yeye aliolewa kabla yangu kidogo, na tulikaa upande wa wanawake tumebanana kama korosho ndani ya gunia.

Mwanangu unayesoma, labda umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze. Lipiko ni mzimu. Anavaa kinyago cha mti kichwani, amefunikwa nguo mpaka vidoleni, ana njuga, anacheza. Wanaume wanasema wamemtoa makaburini. Wanawake tunamkimbia, tunarudi, tunapiga vigelegele. Usiniulize ndani yake yuko nani. Mimi ni mwanamke wa Kimakonde, najua ninachotakiwa kujua, na ninachokijua ni kwamba lipiko ni mzimu. Basi.

Sasa lipiko wa siku ile alicheza vizuri sana, ila mguu wa kushoto alikuwa anauburuta. Anaruka, anatua, anauburuta. Na Athumani, mume wa Zuhura, alikuwa ameanguka kutoka juu ya mkorosho msimu uliopita, na tangu hapo mguu wake wa kushoto akawa anauburuta. Mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba miguu ya watu tofauti inaweza kuburutwa namna moja.

Zuhura mdomo wake haukuwa na breki. Akasimama, akapiga kigelegele, akapaza sauti: "Athumani wangu! Cheza baba, nimekuona!"

Ngoma zikanyamaza. Mzimu ukabaki mguu mmoja juu, haujui uushushe au uuache hapo hapo. Kwetu mwenye kinyago akitajwa ngoma imevunjika, na yeye mwenyewe anabaki kichekesho maisha yake yote. Kila akipita na jembe watu wanamwambia, "Mzimu, shikamoo."

Bi Salima, kungwi wetu, bibi mwembamba mwenye sauti ya kuwinga ndege wa mtamani, akamjia Zuhura mbio mbio.

"Umesema nani yule?"

"Mume wangu, bibi."

"Yule ni mzimu. Mzimu ni mtu aliyekufa. Kwa hiyo mumeo amekufa?"

Zuhura akaanza kubabaika.

"Pole kwa msiba, mwanangu. Vua shanga, nenda kakae eda. Uji nitakuletea mwenyewe." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe unayecheka, mfuate ukamsaidie kulia. Meno yako nimeyaona yote."

Lakini kule uwanjani mzimu ulikuwa bado umesimama na mguu wake juu. Ndipo mpiga ngoma mkubwa, mzee mzima aliyekuwa hana kasoro hata ya ukucha, akainuka taratibu, akajivuta kuelekea katikati, na mguu wake wa kushoto anauburuta. Wa pili akainuka, naye anauburuta. Wakaingia wachonga vinyago, wakaingia wajomba wa watoto waliotoka jandoni, akaingia hata mwalimu wetu wa madrasa, mtu ambaye hatukuwahi kumwona akitikisa bega. Wote wanachechemea! Uwanja mzima ukawa wa wanaume wanaoburuta mguu, na ngoma zikapigwa upya kufuata mburuto huo. Mzimu ukashusha mguu, ukacheza mpaka jua likazama. Na mpaka msimu wa kupalilia ulipoisha, wanaume wa Makote walikwenda shambani wanachechemea, wengine wanasahau mguu wenyewe, asubuhi wa kushoto, jioni wa kulia.

Zuhura akataka kupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. "Niwaambie nilikosea, yule hakuwa Athumani."

Bi Salima akamkatalia. Alikuwa anamenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, hata hakuinua uso. "Ukisema hakuwa Athumani, umemtaja Athumani mara ya pili. Jina likishatoka mdomoni hulirudishi. Litafutie wenzake, lisisimame peke yake uwanjani. Wanaume wameshakutafutia. Wewe kazi yako ni kufunga mdomo na kupika."

Maneno hayo nilikaa nayo miaka mingi bila kujua nayatunzia nini. Nilikuja kuyatumia juzi juzi, nikiwa mzee, na aliyenifanya niyatumie ni mjukuu wangu Mwajuma.

Mwajuma ni daktari, lakini si wa sindano. Yuko chuo kikuu, anachunguza vichwa vya wanajeshi: kwa nini aliyepigwa na kishindo cha bomu anasahau, kwa nini anashtuka, kwa nini usingizi unamkimbia. Huko kwao mtu anapimwa kwa machapisho. Sisi mkulima tunamuuliza magunia, wao wanaulizana makala. Kila anapochapisha ananiletea nakala, naziweka ndani ya sanduku la kanga, na sanduku sasa limekuwa zito kuliko nilipokuwa mwari. Sisomi Kiingereza. Naangalia jina lake tu pale juu, nafunga sanduku.

Wastaafu wa jeshi tunao wengi huku Newala na Masasi. Mwajuma alikuja, akakaa nao, akawapima kwa maswali na michoro, wakamwambia mambo ambayo wake zao hawakuwa wameambiwa. Mmoja wao ni jirani yangu Mzee Kasiani, Baba Jasinta. Bomu lilipasuka karibu naye zamani akiwa jeshini. Mwili ulirudi mzima, kumbukumbu zikarudi na matundu. Wakati wa msimu tukikaanga korosho zikaanza kupasuka kwenye moto, yeye analala chini kifudifudi, kisha anainuka, anajikung'uta na kusema, "Nilikuwa natafuta kifungo."

Na Mzee Kasiani ana beberu anayemwita Meja. Kila asubuhi anasimama mbele yake wima: "Meja! Leo kwanza dawa. Pili kupalilia. Tatu kumjulia hali dada." Meja analia, mbee. Halafu Mzee anamfunga kamba, wanaongozana siku nzima. Akisahau, anamtazama beberu, na lile jambo alilomwambia linamrudia. Tulizoea. Hakuna mtu wa mtaa wetu aliyeona ajabu.

Mwajuma ndiye aliyeona ajabu, tena ajabu nzuri. Alirukaruka kama mtoto. "Bibi, huyu mzee amejitengenezea kumbukumbu nje ya kichwa chake!" Akaandika makala, ikachapishwa, wakubwa zake wakamsifu. Akaanza na makala nyingine kubwa zaidi, Mzee Kasiani akiwa ndiye nguzo yake.

Sasa hapa chini tuna mwalimu wa sekondari, kijana wa kutoka Bara, mwenye heshima zake, anayependa kusoma kwenye simu. Akaikuta ile makala. Watu wamepanga foleni na magunia yao kwenye ghala la chama cha msingi, yeye kwa furaha akaanza kuwatafsiria: sikilizeni, tumeandikwa na dunia! Mstaafu mmoja wa jeshi, mkulima wa korosho katika wilaya ya Newala, jina limehifadhiwa, ana beberu aitwaye Meja.

Ati jina limehifadhiwa! La Kasiani limehifadhiwa, la beberu limeandikwa!

Unajua vijana walivyo. Kesho yake Mzee Kasiani anapita, wanamsimamia beberu wima na kumpigia saluti. "Meja, leo kwanza nini?" "Meja, huyu askari wako amekunywa dawa?" Wakacheka mpaka wakaegemea magunia. Mzee alimrudisha beberu nyumbani, akamfunga nyuma ya jiko, na kuanzia hapo hakumsemesha tena.

Ninyi mnaweza kufikiri ni aibu tu, itapita. Haikuwa aibu tu. Mtu yule dawa alikuwa anazikumbuka kwa Meja. Akaanza kuzikosa. Siku moja Jasinta, binti yake, alimkuta amekaa njia panda na jembe begani, hajui shamba lake liko upande gani, shamba alilolilima tangu mikorosho yake ni miche. Alikuwa analia bila sauti. Jasinta alipoishika kamba ya Meja amletee, Mzee akasema, "Mwache. Sitaki kuchekwa na watoto niliowabeba mgongoni."

Nikampigia simu Mwajuma. Nilisema maneno machache tu, nayo hayakuwa matamu.

Akaja na basi la kwanza. Alikaa jikoni kwangu, macho mekundu, na mkoba wenye ile makala mpya miguuni.

"Bibi, nimemharibia. Alikubali kuandikwa, lakini hakukubali kujulikana."

"Hilo umelisema vizuri. Sasa?"

"Siku ya mnada nitasimama mbele ya watu wote niombe radhi. Niseme Mzee Kasiani..."

"Ona! Umeshamtaja."

Akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana mimi na yeye tunaitana hivyo tangu babu yake yuko hai, "wewe una elimu ya kichwa, nakuheshimu. Lakini kinyago ulimvika kifuani, uso ukabaki wazi. Nenda kwa wastaafu wenzake, wote uliowapima. Waambie mimi, Mama Fatu, nasema wachechemee."

"Wachechemee vipi, Bibi? Wamfanyie nini?"

"Wewe wape salamu. Wakikuuliza maana yake, wamekuwa Wazaramo, hawajui ngoma zetu, rudi nyumbani."

Hawakumuuliza. Walicheka tu, akaniambia, wakaingia ndani kuvaa viatu.

Siku ya mnada ghala lilijaa. Vijana wale wale wapo, wamekalia magunia. Wa kwanza kutokea alikuwa mstaafu mmoja wa mtaa wa pili, anaongozana na mbwa wake aliyekonda: "Koplo! Geuka nyuma! Leo kwanza mizani, pili chumvi." Vijana wakacheka. Akaja mwingine na kondoo, Sajini. Vicheko vikapungua. Kutoka Lupaso, kule Masasi, akashuka mzee kwenye basi na bata ndani ya kapu, amemfunga kitambaa shingoni, anaitwa Brigedia. Mimi nilikuwa na kuku wangu chini ya kwapa. Nilikuwa nimempa ukanali, lakini nilipoona bata wa Lupaso ni Brigedia, nikampandisha cheo palepale akawa Jenerali.

Mmoja wa vijana, Saidi, mwana wa muuza chapati, akakuna kichwa. "Sasa yule aliyeandikwa ni nani?"

"Mimi," akasema mwenye mbwa.

"Mimi," akasema mwenye kondoo.

"Ni mimi, na sikutumiwa hata nakala," akasema mzee wa Lupaso.

"Lakini babu, mwalimu alisoma beberu. Huyo ni bata!"

"Kwani wewe Kiingereza cha bata unakijua?"

Ghala zima likacheka, na safari hii waliochekwa walikuwa vijana. Mwalimu wa sekondari mwenyewe alikuwa amesimama kando. Yule kijana ana akili. Alitazama wazee, akatazama kuku wangu, akaitoa simu na kuisoma kwa uso wa mtu mzito, kisha akasema kwa sauti: "Samahani, nilitafsiri vibaya. Hapa haijulikani ni mnyama gani." Nikajua huyu tukimpa muda atakuwa mtu wa huku.

Jasinta alikuwa ameshakwenda kumwambia baba yake. Tulisubiri. Foleni ilisogea, magunia yalipimwa, mimi nikaanza kuogopa kwamba tumewavisha wanyama vyeo bure. Halafu watu wa nyuma wakapisha njia, na Mzee Kasiani akaingia, amevaa shati lake la kanisani, kamba mkononi, Meja nyuma yake.

Akasimama katikati yetu. Akamgeukia beberu, wima.

"Meja! Kwanza dawa. Nimekunywa. Pili korosho, ziko kwenye baiskeli ya Jasinta. Tatu..."

Akakwama. Saidi yule wa chapati aliinama kama anayemsaidia kuvuta neno kutoka ardhini. Mzee akamtazama beberu, beberu akamtazama Mzee. Mbee.

"Tatu," akasema Mzee Kasiani, "kumwambia Mama Fatu kwamba Jenerali wake amekunya juu ya gunia langu."

Mwanangu, nimecheka katika maisha yangu, lakini kicheko cha siku ile kilinilazimisha nikae chini.

Ingekuwa hadithi ya kubuni ningeiacha hapo. Lakini jioni Mwajuma alimsindikiza mzee wa Lupaso kituoni, na njiani akamsikia anasema polepole kwenye kapu, "Brigedia, tiketi nimeiweka mfuko gani?" Hapakuwa na watu wa kuwachekesha. Mwajuma akamuuliza, babu, ngoma si imekwisha? Mzee akaona haya kidogo. "Huyu nazungumza naye tangu mke wangu afariki. Hukuniuliza habari za bata, mama, uliniuliza habari za michoro. Nami nilidhani ni mimi peke yangu."

Mwajuma akarudi kwa wale wengine. Wa mbwa, kweli, anamsemesha kila siku. Wa kondoo, alimwazima kwa jirani siku ile tu, lakini ana redio mbovu anayoipa ripoti kila asubuhi. Kumbe wanaume wale walikuja kumfunika mwenzao, na chini ya shuka walikuwa wengi.

Ile makala kubwa iliyokuwa kwenye mkoba aliiacha. Akaanza upya, na ilimchukua muda. Wenzake wa chuoni walichapisha hiki na kile, wakapanda vyeo, yeye bado anazunguka Newala na Masasi anakunywa uji kwenye nyumba za wastaafu. Alikuwa na wasiwasi, sikufichi. Mara mbili alinipigia simu analalamika kwamba atabaki nyuma. Nikamwambia abaki nyuma, huko nyuma ndiko waliko wazee wake.

Ilipokuwa tayari, kabla hajaipeleka popote, aliwaita wazee wote nyumbani kwangu akawasomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Humo hamna beberu. Hamna wilaya. Hamna bata. Kuna watu wengi wanaojiwekea kumbukumbu nje ya vichwa vyao, na namna ya kuwasaidia bila kuwanyang'anya kile wanachozungumza nacho. Mzee Kasiani alisikiliza mpaka mwisho, mkono sikioni.

"Ni nzuri," akasema. "Na mimi niko wapi humo?"

"Humo humo, baba."

"Mbona sijioni?"

"Ndiyo nilivyotaka, baba."

Mzee akafikiri, kisha akampa mkono kama askari kwa askari. Makala hiyo iko juu kabisa ndani ya sanduku langu la kanga. Nasikia ndiyo inayosomwa kuliko zake zote, lakini hayo ni ya kwao huko. Mimi naipenda kwa sababu Mzee Kasiani anapita mbele ya mlango wangu kila asubuhi na Meja wake, na Saidi akiwaona anasimama, anasema, "Shikamoo babu," na kwa beberu hasemi kitu.

Sasa nisikilizeni ninyi vijana wangu, hasa mnaosoma na kuandika habari za watu. Mtu akikufungulia kichwa chake amekupa zaidi ya chakula. Kulificha jina lake halafu ukaacha mguu wake unaonekana, hujamficha. Kabla hujachapisha, msomee yeye mwenyewe, na mweke katikati ya wenzake. Ukichelewa kwa ajili hiyo, chelewa. Ukikosea, usikimbilie kusimama mbele ya watu ili wewe uonekane mwema. Mtafute kwanza atakayechechemea naye. Na ninyi msioandika, mnaokaa juu ya magunia na kucheka, siku mtu wa kwenu akitajwa uwanjani, inukeni, buruteni mguu. Haiumi.

Najua kuna mjanja anajiuliza: Bibi huyu anatufundisha kuficha, na yeye ameanika kila kitu. Kaa chini, mjanja. Mwajuma haitwi Mwajuma. Kasiani si Kasiani, na mtaa nimeuhamisha. Nilimsomea Mzee mwenyewe maneno haya yote barazani kwangu, akacheka, akayaruhusu. Na mnyama wake, mwanangu, hakuwa mbuzi.

Mungu awape macho ya kuona na mdomo wenye breki. Awakumbushe mnachosahau, awasahaulishe kinachowaumiza, na popote mtakapokwama na mguu mmoja juu, awaletee watu wa kuchechemea nanyi mpaka nyumbani. Amina.